Upande wa Pili wa Sifuri

Chumba cha miwani kilikuwa nyuma kabisa ya kliniki ya macho. Ukilipita benchi la wagonjwa, ukaipita na stoo ya mifagio, ukasikia jiwe la kunolea vioo likilia kama mbu aliyekasirika, ujue umefika. Humo ndimo alimofanyia kazi mwanamke ambaye watu wote walimwita Bi Lenzi, na mumewe naye alimwita hivyohivyo kila alipotaka kumchokoza. Lenzi zililetwa zimechanganyika kama vifungo katika kopo la fundi cherehani. Yeye alizifuta, akazipima kwa mashine, akazipanga kabatini, na karatasi ya daktari ilipokuja alitoa lenzi inayotakiwa akampa mnoaji aikate iingie kwenye fremu.

Hakusomea kazi hiyo. Aliingia pale kama mfagiaji, akawa anaokota lenzi zilizodondoka chini ya meza, na polepole vidole vyake vikaanza kuzitambua. Lenzi, ndugu zangu, ziko za namna mbili. Kuna zilizo nene katikati na nyembamba pembeni. Hizo kule chumbani waliziita za tumbo. Na kuna zilizobonyea katikati, nene pembeni. Hizo waliziita za kiuno. Daktari kwenye karatasi yake huziandika za tumbo kwa alama ya chanya na za kiuno kwa alama ya hasi, lakini mle ndani hakuna aliyehangaika na alama. Palikuwa na makabati mawili yaliyotazamana: la tumbo dirishani, la kiuno mlangoni. Kila kabati lilianza na moja juu, likashuka hadi kumi chini. Ukisema "sita ya kiuno," umeeleweka. Namba kubwa ilikuwa ile inayokufanya uiname, namba ndogo ile unayoifikia umesimama. Kati ya makabati hayo, juu ya kiti kibovu, lilikaa boksi la vioo vitupu visivyo na nguvu yoyote, vya watu wanaotaka kujikinga na vumbi tu. Hilo ndilo sifuri.

Basi maneno hayo ya chumbani, kubwa na ndogo, kupanda na kushuka, Bi Lenzi aliyazoea hata akawa anarudi nayo nyumbani kama mtu anavyorudi na harufu ya kazi yake.

Nyumbani kulikuwa na mumewe, Fundi Saa. Alikuwa na duka la mlango mmoja pale kona ya mtaa, meza chini ya dirisha, saa za ukutani zikigonga kila moja kwa wakati wake kama watu wanaobishana. Alikuwa mtu mpole mwenye majivuno ya aina moja tu: mikono yake. Aliweza kufungua saa ya mkononi ya kike, ile ndogo kama ukucha, akatoa skrubu unayoweza kuimeza bila kujua, akairudisha bila kuzuia pumzi. Alivaa miwani ya namba tatu ya tumbo aliyotengenezewa na mke wake mwenyewe, na kwa kazi za ndani aliongeza kioo cha kukuzia.

Mwaka mmoja akalalamika kwamba miwani inamsumbua. Bi Lenzi akampeleka kliniki, wakampima, ikatoka moja.

"Moja!" Bi Lenzi alisema kwa furaha. "Ilikuwa tatu. Namba imeshuka, baba!"

"Sikukwambia? Mimi damu yangu si ya kuzeeka ovyo."

Baadaye hata ile moja akaiweka chini. Alisimama mlangoni pa duka akasoma kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara, herufi kwa herufi, bila kitu usoni. Wakapima: sifuri. Majirani walikuja kumpongeza. Fundi Saa alijipapasa upara akasema, "Macho yamerudi ujanani. Sasa nangojea nywele." Na mkewe alipopita na kikapu akamwitia, "Bi Lenzi! Wote wakipona kama mimi, kazi huna. Utakuja kunifagilia duka."

Watu wakacheka, na Bi Lenzi akacheka kuliko wote.

Halafu likatokea la ajabu zaidi. Kibao cha ng'ambo kilianza kuwa na ukungu, lakini vitu vya karibu vikamjia safi kuliko zamani. Alikiweka kando kile kioo cha kukuzia, akaokota skrubu kwa kibano kwa macho matupu. Wakapima, ikatoka mbili ya kiuno. Hapo Bi Lenzi akawaza kidogo, kisha akasema neno ambalo lingemkaa kooni baadaye. Alilisema kwa wema, kama unavyomwambia mtoto asilie.

"Imeanza kupanda tena, lakini usijali. Ilikuwa tatu ikashuka yenyewe mpaka sifuri. Na hii mbili itashuka vilevile."

Fundi Saa alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

Daktari alipomchunguza kwa taa yake alisema wazi: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ya ndani ya jicho inaingia ukungu na kukaza, na dawa yake ni kuitoa kwa upasuaji na kuweka nyingine. Fundi Saa alimsikiliza kwa heshima, akashukuru, akaondoka, na hakurudi.

"Yule anaangalia leo tu," alimwambia mkewe. "Hajui nilikotoka. Haya macho yalishajiponya mara moja. Si wewe mwenyewe uliyesema? Kawia ufike."

"Ngojangoja nayo huumiza matumbo."

"Kisu kiingie jichoni, mama! Kikikosea, mimi ni nani? Fundi saa kipofu ni nani? Ni mtu aliyekaa kwenye chumba chenye kelele, basi."

Bi Lenzi akawa anampimia lenzi nyumbani: ikafika nne, ikafika sita. Sasa hata karibu kulikuwa na uchafu usiofutika, kama kioo cha dirisha la jikoni. Rangi nyeupe ilimjia manjano. Jioni taa za barabarani zilimtawanyikia kama unga uliopulizwa. Wateja aliwajua kwa sauti, na alijizoeza kusema "Karibu" kwa namna ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke. Wengine walianza kupita mlango wake bila kuingia.

Siku moja mchana Bi Lenzi alimpelekea chakula akamkuta amepiga magoti sakafuni. Alikuwa akipapasa chini ya meza kwa viganja, polepole, akianzia ukutani kuja mlangoni. Skrubu ilikuwa imedondoka. Juu ya meza ile saa ndogo ilikuwa imefunguliwa, na springi yake, ule utepe mwembamba kama unywele, ilikuwa imepinda pale kibano kilipoikosa.

Bi Lenzi aliweka chakula, akapiga magoti naye, wakatafuta pamoja. Aliiona skrubu mapema, karibu na mguu wa kiti, lakini aliuacha mkono wa mumewe uifikie wenyewe.

"Hii hapa," Fundi Saa alisema, akapumua. "Nilijua ilipo."

"Najua ulijua."

Ile springi hakuna aliyeitaja.

Sasa, kule kliniki ukuta ulibomolewa ili chumba cha wagonjwa kiongezwe, na makabati yale mawili hayakuwa na pa kukaa tena. Seremala akatengeneza rafu moja ndefu, ukuta mzima, safu moja ya maboksi. Msimamizi alipita akiwa na haraka, akasema, "Zote safu moja, kutoka ndogo mpaka kubwa, kushoto kwenda kulia," akaenda zake.

Mnoaji wa pale alikuwa jamaa mnene mwenye maneno mengi, waliyemwita Kinoo. Ndiye aliyempokeza Bi Lenzi maboksi. Bi Lenzi alianza kama alivyozoea: moja ya kiuno mwanzo kabisa kushoto, mbili, tatu, mpaka kumi, kisha boksi la vioo vitupu, kisha moja ya tumbo mpaka kumi ya tumbo mwisho kulia. Akarudi nyuma kutazama, ameshika kiuno.

"Imependeza," Kinoo alisema. "Ila dada, mbona hapa katikati kama pamevunjika?"

"Wapi?"

"Huyu kumi ya kiuno, mtu asiyeona hata kidole chake mwenyewe, ndiye jirani wa kioo kitupu? Na moja ya kiuno, ambaye karibu ni mzima, umemtupa kule mwisho kama mkwe aliyekosana na watu."

"Umeambiwa ndogo mpaka kubwa. Moja si ndogo kuliko kumi?"

"Mimi nimeambiwa ninoe vioo. Hesabu ulizaliwa nazo wewe."

Lakini neno lilikuwa limemwingia. Bi Lenzi alisimama akiitazama ile safu. Halafu akakumbuka jambo walilolifanya kila lenzi ilipokosekana: waliunganisha mbili. Ukiweka ya tumbo juu ya ya kiuno, zinapunguzana nguvu. Akachukua kumi ya kiuno, akaipachika juu yake moja ya tumbo, akaziweka pamoja kwenye mashine.

"Inasomaje?" Kinoo aliuliza.

"Tisa ya kiuno."

"Ongeza nyingine."

Akaongeza moja ya tumbo. "Nane."

"Nyingine."

"Saba. Ngoja, Kinoo. Ngoja kwanza." Alishika zile lenzi kwa vidole viwili. "Chanya ni kuongeza, sivyo? Ndiyo maana yake. Sasa kumi hii naiongezea moja, inakuwa tisa. Naiongezea, inakuwa nane. Ukiongezewa unakuwa mkubwa au mdogo?"

"Mimi nikiongezewa ndiyo hivi unavyoniona," Kinoo alisema akijipigapiga tumbo.

"Basi hasi tisa ni kubwa kuliko hasi kumi. Na nane ni kubwa kuliko tisa. Unapanda hivyo, moja moja, mpaka hasi moja, ukiongeza tena unafika kwenye kioo kitupu, ukiongeza tena unaingia moja ya tumbo. Kumi ya kiuno ndiyo ndogo kuliko zote humu ndani."

Kinoo alikuna kichwa kwa nyundo ya mpira. "Yaani nimenoa vioo mpaka mgongo umepinda, leo naambiwa kumi ni ndogo kuliko moja. Haya. Lakini nguvu yake?"

"Nguvu ni umbali wake kutoka kioo kitupu. Hapo kumi imeizidi moja, sikatai. Lakini mahali pake kwenye safu ni chini kuliko wote. Ni kama watu walioshuka shimoni: aliyeshuka kumi ndiye aliye chini, hata kama ndiye mwenye namba ya kujisifia."

Wakayahamisha maboksi yote ya kiuno. Hasi kumi ikaenda mwisho kabisa kushoto, zikafuata tisa, nane, zikapanda mpaka hasi moja, ikagusana na sifuri, na sifuri ikagusana na chanya moja. Hapakuwa tena na mahali palipovunjika. Bi Lenzi akachukua kalamu ya wino mzito, na kwa mara ya kwanza mle chumbani kila boksi likaandikwa alama yake.

Alikuwa anaandika huku akisogea, na alipofika chanya tatu mkono wake ukasimama. Hilo ndilo boksi alilotolea miwani ya kwanza ya mumewe. Alipeleka mkono kwenye chanya moja. Kisha sifuri, siku ya pongezi. Kisha hasi mbili. Hasi nne. Hasi sita. Alirudia tena kutoka mwanzo, taratibu, kidole kikigusa kila boksi.

Mkono ulikwenda kushoto. Kila mara kushoto. Haukugeuka hata mara moja.

Alikaa kwenye kile kiti kibovu.

"Vipi, umechoka?" Kinoo aliuliza.

"Nilimwambia imeshuka, halafu imepanda," Bi Lenzi alisema. "Haikupanda, Kinoo. Imekuwa ikishuka tangu siku ya kwanza. Sifuri aliipita tu njiani, na sisi tukapiga vigelegele."

Kinoo alizima mashine yake.

Jioni ile Bi Lenzi alipitia dukani wakati mumewe anafunga. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, yote akayaona mabaya. Mtu aliyekataa kumsikia daktari atasikiaje habari za maboksi? Sikio lake lilikuwa kwenye saa. Basi akavuta kigoda.

"Baba, kuna mtu ana saa mbovu. Nikuulize?"

"Uliza. Kuuliza bure, kutengeneza ndiyo shughuli."

"Saa yake ya ukutani ilikuwa inatangulia dakika tatu. Hakuigusa. Baada ya muda akaona inatangulia moja. Akakaa, akaona iko sawasawa na ya redio. Akafurahi sana. Halafu ikaanza kuchelewa, mbili, nne, sasa inachelewa sita. Nikamwambia ailete kwako. Anasema haileti, kwa sababu ilishawahi kujirekebisha yenyewe, itajirekebisha tena."

Fundi Saa alicheka, kile kicheko cha fundi akimsikia asiyejua. "Mwambie huyo bwana anajidanganya. Saa yake haikujirekebisha hata siku moja."

"Si ilifika sawasawa?"

"Ilipita, mama! Kupita si kufika. Saa ile inapoteza muda tangu ilipokuwa mbele. Tatu mbele, moja mbele, sawa, mbili nyuma, sita nyuma: ni mwendo mmoja huo, wa kurudi nyuma tu. Ile siku aliyofurahi saa ilikuwa mbovu vilevile kama leo. Ila ubovu ulikuwa umepita mahali pazuri."

"Na akiiacha?"

"Kesho saba, kesho kutwa nane. Ataiacha mpaka..."

Mkono wake ulikuwa juu ya meza, ukaanza kutafuta kitu cha kushika, ukapata bisibisi. Ndani ya duka saa zote ziliendelea na ubishi wao.

"Tatu mbele," alisema kwa sauti ya chini. "Tatu ya tumbo."

Bi Lenzi alisogeza kigoda karibu.

"Huyo mtu ni mimi."

"Ni wewe. Na aliyekwambia itajirekebisha ni mimi."

Fundi Saa aligeuka, akamtafuta mkewe kwenye ule ukungu wake wa manjano. "Ulijua?"

"Sikujua. Leo tumepanga rafu ndiyo nimeona. Ningejua, baba, ningekubeba mgongoni mpaka kwa daktari."

Bi Lenzi alidhani atakasirika, na alikuwa tayari kukubali hasira hiyo kama haki yake. Lakini alichosema mumewe kilikuwa kingine.

"Na nikifumbuliwa baada ya kisu nikute giza?"

Hapo angeweza kumwambia neno tamu. Lilikuwa hapo ulimini, tayari. Alilimeza.

"Sijui," alisema. "Ninachojua ni unakoelekea ukibaki hivi. Hicho nimekigusa kwa mkono wangu."

Fundi Saa alipapasa komeo la mlango, akafunga duka. "Twende nyumbani," alisema. "Kesho utanipeleka."

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza, na ulikwenda vizuri. Walipompima lilitoka hasi moja. Aliposikia uso ulimshuka.

"Bado niko upande wa pili wa sifuri?"

"Bado," Bi Lenzi alisema, akimpachika fremu puani. "Lakini ulikuwa hasi sita. Hasi moja ni kubwa. Umepanda tano."

Fundi Saa akageukia dirishani, akatazama. Watu waliokuwa benchini waliona mzee mwenye upara anasoma kwa sauti tangazo la kunawa mikono, lote, pamoja na jina la kiwanda kilicholichapa.

Jicho la kushoto ndilo lililosumbua. Mtoto wa jicho alikuwa amekaza mno, na nyuma yake presha ya jicho ilishauharibu mshipa wa kuonea kimyakimya katika ile miaka ya kungoja. Daktari aliitoa ile lenzi ngumu kwa taabu, akafanya aliloweza, na siku ya kupima akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mwanga ataona, na kivuli cha mtu, lakini zaidi ya hapo miwani haitasaidia. Bi Lenzi alijaribu lenzi zote bila kuambiwa, kutoka mwisho wa kushoto wa rafu mpaka mwisho wa kulia, hata zile ambazo alijua hazina maana. Kinoo alimtazama akipanda na kushuka na safu ile, mwisho akamshika bega.

"Basi, dada."

Walitoka kliniki wao wawili, saa ya watu kutoka kazini, barabara imejaa. Bi Lenzi alitembea kuliani kwa mumewe, kama siku zote, na hakuweza kuinua uso. Ile miaka aliijua ilikuwa ya nani. Neno lake moja la wema lilikuwa limekalia jicho lile.

"Saa za mkononi za kike nitamwachia yule kijana wa sokoni," Fundi Saa alisema. "Ana mikono. Za ukutani nitabaki nazo, zinanitosha."

"Ndiyo."

"Unalia?"

"Silii."

"Jicho moja ninalo, mama watoto, na nimelilipia kwa woga mwingi. Usinidanganye mbele yake."

Walifika pa kuvukia. Fundi Saa alisimama, akamshika mkewe mkono, akamzungusha mbele yake taratibu mpaka akamweka upande wake wa kushoto, ule wa giza.

"Kaa huku," alisema. "Kule kwingine naona mwenyewe."

Bi Lenzi akatazama magari kwa ajili ya wote wawili, na palipokuwa na nafasi, wakavuka.